Somo la 23. Amri ya Nane: Aliyehukumiwa Zamani Akiomba Kazi



Juma lililopita tulieleza kwamba amri ya nane ya Mungu yatukataza kusema uwongo, na kwamba yatukataza vilevile kuharibu jina jema la mwenzetu. Leo twataka kuitia amri hiyo katika jambo moja la maisha yetu ya kila siku. Ni jambo linalowasumbua watu wengi wa miji yetu, nao hulibeba peke yao kwa kuona haya. Mtu alipata kuhukumiwa na tribinali kwa kosa dogo, akamaliza adhabu yake, na sasa anatafuta kazi. Je, yampasa kusema? Aseme nini, na amwambie nani? Na yule anayeambiwa, yampasa kufanya nini?

Sikilizeni vema, kwa maana somo hili si la waliofungwa peke yao. Ni la wakubwa wa kazi pia, na la majirani, na la wazazi.

I. Swali lililo katika karatasi

Tumfikirie mtu mmoja, mkaaji wa Kolwezi. Jioni moja aligombana na jirani yake kwa sababu ya deni, akampiga hata kumtoa damu. Jirani akashtaki. Tribinali ya Amani ikampa mpigaji kifungo cha miezi 2 pamoja na faini. Alikaa gerezani, akalipa faini, akamwendea jirani yake na kumwomba radhi. Miaka 6 imepita tangu siku hiyo. Sasa ana mke na watoto wanne, wala hajagombana tena na mtu.

Kompanyi moja yatafuta mtunza depo. Yeye ajua kuandika na kuhesabu. Kazi hiyo yamfaa. Apewa karatasi ya kujaza: jina, mwaka wa kuzaliwa, masomo, kazi alizozifanya. Halafu, karibu na mwisho wa karatasi, lipo swali moja fupi: Umepata kuhukumiwa na tribinali? Ndiyo, au siyo.

Hapo kalamu yasimama. Moyoni mwake asikia sauti tatu. Ya kwanza yasema: Andika siyo, nani atajua? Ya pili yasema: Tafuta mtu wa ofisi, mpe fedha, naye atakutengenezea cheti safi. Ya tatu yasema: Rudisha karatasi uende zako, kwani mtu kama wewe hana kazi duniani. Wasikilizaji wapenzi, sauti hizi tatu zote zadanganya. Tutazijibu moja moja. Lakini kabla ya kuzijibu, yatupasa kwanza kujua hukumu ni nini.

II. Hukumu ni nini, na nini si hukumu

Watu wengi hujihesabu kuwa wamehukumiwa, nao hawakuhukumiwa kamwe. Katiba ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, yasema katika kifungu cha 17 kwamba kila mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana kosa, mpaka kosa lake lithibitishwe kwa hukumu isiyoweza tena kubadilishwa. Basi, aliyekamatwa na polisi akalala kaso usiku mmoja au mbili, kisha akaachiliwa, hakuhukumiwa. Aliyekaa Kasapa au Makala miezi mingi akingojea kesi yake, kisha akaachiliwa pasipo tribinali kumwona na kosa, huyo naye hakuhukumiwa, ijapokuwa aliteseka sana. Akiulizwa kama amehukumiwa, naye akijibu siyo, asema kweli.

Kadhalika kuna faini ya mapatano. Sheria ya mashtaka ya tarehe 6 Agosti 1959 yaruhusu, kwa makosa madogo, mtu alipe faini na jambo limalizike pasipo kufika mbele ya waamuzi. Aliyelipa namna hiyo, na jambo lake likafungwa, hakuhukumiwa na tribinali. Lakini yampasa kutunza karatasi yake ya malipo, isipotee.

Tena kuna hukumu iliyosimamishwa. Mwamuzi humwambia mkosaji: Adhabu yako ni hii, lakini hutaingia gerezani, mradi usikose tena katika muda niliokuwekea. Muda ukipita naye hakupata hukumu nyingine, sheria yaihesabu ile hukumu kana kwamba haikutokea.

Kwa hiyo, ndugu, shauri letu la kwanza ni hili: kabla ya kujaza karatasi yoyote, tafuta kujua sawasawa jambo lako. Usiseme tu, mimi nilifungwa. Tazama karatasi zako. Kama huna, nenda kwa karani wa tribinali iliyokuhukumu, uombe nakala ya hukumu yako. Kama hujui kuisoma, peleka kwa mtu mwaminifu mwenye kujua sheria akusomee. Wengine wamejinyima kazi miaka mingi kwa hukumu isiyokuwako.

Na tena, soma swali vizuri. Kuulizwa kama umehukumiwa ni jambo moja. Kuulizwa kama umepata kukamatwa ni jambo lingine. Jibu swali lililoandikwa, si lile unaloliogopa.

III. Kunyamaza si kusema uwongo

Sasa tuje kwa mtu wetu wa Kolwezi. Yeye amehukumiwa kweli, na swali liko wazi mbele yake. Hapa mafundisho ya Kanisa hupambanua mambo mawili ambayo watu huyachanganya: uwongo ni kitu kimoja, kunyamaza ni kitu kingine.

Uwongo ni kusema lisilo kweli kwa nia ya kumdanganya mwenye haki ya kujua kweli. Huo ni mbaya siku zote. Lakini hakuna mtu anayelazimishwa kuyatangaza makosa yake barabarani. Kila mtu ana haki ya kulinda jina lake jema, hata yule aliyekosa zamani. Majirani wapya wakikuuliza kwa udadisi tu, si lazima kuwajibu. Mlinzi wa mlangoni akikuuliza, mwambie kwa upole kwamba jambo hilo utazungumza na mkubwa wa kazi. Na ikiwa karatasi haiulizi, wala mkubwa wa kazi haulizi, nalo kosa la zamani haligusi kazi unayoiomba, waweza kunyamaza na moyo wako ukatulia. Hujamdanganya mtu.

Lakini mambo mawili huondoa ruhusa hiyo ya kunyamaza. La kwanza ni kuulizwa waziwazi na mtu mwenye haki ya kuuliza. Mkubwa wa kazi, anayetaka kukukabidhi mali yake na watu wake, ana haki hiyo kwa mambo yanayoihusu kazi. Akiuliza, basi neno litakalotoka kinywani mwako au chini ya kalamu yako liwe neno la kweli.

La pili ni hatari kwa wengine. Aliyehukumiwa kwa kula fedha alizowekewa amana, akiomba kuwa mtunza sanduku la fedha. Aliyehukumiwa kwa kuendesha motokaa akiwa amelewa, akiomba kuendesha basi la wanafunzi: hao, hata kama hawakuulizwa, au waseme, au waombe kazi nyingine. Kwani hapo kunyamaza kwao kwaweza kumdhuru mtu asiye na kosa.

Basi, ile sauti ya kwanza iliyosema, nani atajua, tuijibu hivi. Mungu ajua. Tena aghalabu wanadamu nao hujua baadaye. Mji si msitu. Aliyekuwa nawe gerezani aweza kuwa mfanyakazi wa kompanyi ileile. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humfichua. Mtu aliyejificha nyuma ya neno siyo hufanya kazi miaka 3 au 4 huku akitetemeka kila aitwapo ofisini. Hawezi kukataa neno baya analolazimishwa na mwenzake anayeijua siri yake, kwa kuwa yule amemshika. Na siku siri itakapofunuliwa, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yamruhusu bwana wa kazi kuvunja mapatano papo hapo kwa kosa zito, na ukosefu wa uaminifu umehesabiwa humo. Hapo mtu afukuzwa kazini kwa sababu ya uwongo wa jana. Kosa la zamani lenyewe pengine lingalisamehewa.

IV. Cheti cha kununua

Sauti ya pili ni mbaya zaidi. Mara nyingi muombaji wa kazi hutakiwa kuleta cheti cha kumbukumbu za hukumu, kile kinachoitwa maofisini kaziye judisiyeri, pamoja na cheti cha mwenendo mwema kinachotoka komini. Wako watu wanaozungukazunguka karibu na maofisi wakiuza vyeti vya uwongo, au wakiahidi kulisafisha jina kwa fedha.

Pimeni wenyewe jambo hili. Sheria ya Adhabu ya Kongo, iliyotolewa tarehe 30 Januari 1940 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, yasema katika kifungu cha 46 kwamba anayempiga mwenzake, pasipo kukusudia tangu mbele, aweza kufungwa siku 8 hadi miezi 6. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 124, yasema kwamba anayeandika cheti cha uwongo kwa nia ya kudanganya aweza kufungwa miezi 6 hadi miaka 5. Mwaona? Pale kifungo cha mpigaji kinapoishia, ndipo kifungo cha mghushi kinapoanzia. Na anayekitumia cheti hicho akijua kuwa ni cha uwongo, naye ana hatia.

Ni nani mwenye akili atakayeziba tundu la panya kwa kuubomoa ukuta? Mtu wetu alikuwa na kosa moja dogo, lililokwisha kulipwa. Akinunua cheti, atakuwa na kosa jipya, kubwa kuliko la kwanza, ambalo halijalipwa. Tena atakuwa amempa rushwa karani, naye karani ana roho ya kuokolewa kama sisi.

V. Namna ya kusema

Sauti ya tatu ni ya kukata tamaa. Yasema, mtu kama wewe hana kazi. La hasha! Katiba yetu, katika kifungu cha 36, yaita kazi kuwa haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Haikusema, ila wale waliofungwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Basi, asiirudishe karatasi. Aandike ndiyo. Kisha aombe kuonana na mkubwa wa kazi mwenyewe, kabla ya kutia sahihi mapatano, wala si baadaye. Aseme kwa maneno machache, akiwa ametulia, akitaja mambo manne: kosa lilikuwa nini, lilikuwa mwaka gani, adhabu ilikuwa nini, nayo imekwisha, tangu hapo ameishi namna gani. Kwa mfano aseme hivi: Bwana, katika karatasi nimeandika ndiyo. Miaka 6 iliyopita nilimpiga jirani yangu tulipogombana. Nilifungwa miezi 2, nikalipa faini, nikampatanisha jirani yangu nami. Tangu siku hiyo sina shtaka jingine. Hii ndiyo karatasi ya hukumu, na huyu ndiye mtu aliyenipa kazi mwaka jana, waweza kumwuliza.

Hayo yatosha. Asipunguze neno, asiseme kwamba alisingiziwa ikiwa hakusingiziwa. Wala asiongeze: mkubwa wa kazi hahitaji kusikia ugomvi wote tangu mwanzo wake, wala makosa ambayo hakuyauliza. Hapo si mahali pa maungamo. Maungamo ni kwa padri, nayo hubaki katika siri.

Pengine mtaniuliza: Je, akisema kweli atapata kazi? Wasikilizaji wapenzi, hatutaki kuwafundisha amri ya nane kwa kuwadanganya. Pengine hatapata. Wako wanaosema kweli na mlango ukafungwa mbele yao, nao warudi nyumbani ambako watoto wangojea chakula. Hilo ni jambo zito, wala hatulipiti kwa maneno mepesi. Lakini asipopata hapa, atapiga hodi pengine naye ni mtu huru, hana neno jipya la kuficha. Na akipata, ameipata kazi ambayo hakuna atakayeweza kumnyang'anya kwa kunong'ona sikioni mwa mkubwa wake.

VI. Wajibu wa anayesikia

Sasa twawageukia ninyi wakubwa wa kazi. Mtu aliyewaambia kweli amewapa kitu cha thamani. Amewaonyesha kwamba aweza kusema kweli hata inapomgharimu. Wale wengine waliojaza siyo, mwajuaje kama wangefanya vivyo hivyo?

Haki haiwalazimishi kumpa kila mtu kila kazi. Aliyeiba sandukuni, si dhambi kumkatalia ufunguo wa sanduku. Lakini haki yawataka kupima mambo: kosa lilikuwa la namna gani, na kazi ni ya namna gani? Miaka mingapi imepita? Alikuwa na umri gani? Ameishije tangu hapo? Ugomvi wa miaka 6 iliyopita wamzuiaje mtu kuhesabu magunia ya simenti? Tribinali imekwisha kumpa adhabu. Anayeongeza adhabu ya njaa juu yake, na juu ya watoto wake wasiokosa neno, ajiulize ni nani aliyemfanya kuwa mwamuzi wa pili.

Tena, siri aliyowapa ni siri. Msiipeleke kwa makarani wote, wala mezani kwenu jioni. Kueneza kosa la mwenzako pasipo sababu ya haki ni kuvunja amri hii hii ya nane, hata kama kosa ni la kweli. Na sheria ya nchi nayo yamlinda: kifungu cha 74 cha Sheria ya Adhabu chamwekea kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1 mtu anayemtajia mwenzake hadharani, kwa ubaya, tendo la kumvunjia heshima. Majirani, sikilizeni neno hilo ninyi nanyi, msimwite mtu mfungwa mbele ya watoto wake.

VII. Mfano wa Onesimo

Katika Maandiko Matakatifu iko barua fupi kupita zote za Mtume Paulo, ile aliyomwandikia Filemoni. Paulo, akiwa kifungoni, alikutana na Onesimo, mtumwa aliyeachana na bwana wake. Onesimo akabatizwa, akawa mtu mwingine. Paulo alimrudisha kwa Filemoni pamoja na barua.

Angalieni Paulo alivyoandika. Hakuficha kwamba mtu huyu zamani hakuwa na faida. Hakudai kwamba hana deni. Alisema, ikiwa ana deni lolote, alipe yeye Paulo mwenyewe, akaandika ahadi hiyo kwa mkono wake. Kisha akamwomba Filemoni ampokee kama ndugu. Barua hiyo yamtaja mtu jinsi alivyokuwa, na jinsi alivyo leo, na ina mtu aliyekubali kusimama nyuma yake. Ninyi viongozi wa mitaa, ninyi walimu na mafundi, mkiombwa barua na kijana aliyetoka kifungoni, fanyeni vivyo. Msiandike uwongo juu yake, lakini andikeni mema mliyoyaona kwa macho yenu. Barua moja ya namna hiyo yaweza kufungua mlango ambao yeye peke yake hawezi kuufungua.

Maswali ya kukariri

Swali: Je, aliyekamatwa na kuachiliwa amehukumiwa?
Jibu: Hapana, amehukumiwa yule tu ambaye tribinali imethibitisha kosa lake.

Swali: Je, yatupasa kumwambia kila mtu makosa yetu ya zamani?
Jibu: Hapana; kila mtu ana haki ya kulinda jina lake jema.

Swali: Ni lini yatupasa kusema?
Jibu: Tukiulizwa na mwenye haki ya kuuliza, na pia kunyamaza kwetu kukiweza kumdhuru mwingine.

Swali: Je, ni halali kununua cheti safi?
Jibu: Si halali, ni uwongo, ni rushwa, na ni kosa kubwa kuliko lile linalofichwa.

Swali: Mkubwa wa kazi aliyeambiwa kweli yampasa nini?
Jibu: Yampasa kupima kwa haki, kutoongeza adhabu iliyokwisha, na kutunza siri.

Azimio la juma hili: Kama una hukumu ya zamani, tafuta karatasi zako, ujue jambo lako sawasawa. Kama huna, mkumbuke mtu mmoja unayemjua aliyetoka kifungoni, umsalimu kwa jina lake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaanza kueleza amri ya kenda. Kwaherini, wasikilizaji wapenzi, na Mungu azibariki nyumba zenu.